RAM moja kubwa, mbili pacha, mchanganyiko au nne: uzipange vipi?

Mama mmoja mwenye stesheneri kule Isevya, hapa Tabora, aliingia kwangu asubuhi na kitu kimefungwa kwenye gazeti kama mtu aliyetoka kununua vitumbua.

"Mwangaluka, fundi."

Nikaitika. Akafungua gazeti. Ndani kulikuwa na RAM moja, kile kipande cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8, kizazi cha DDR3, imetoka Dar kwa basi.

"Mashine yangu ina mbili za GB 4. Nikifungua PDF za wanafunzi na Chrome iko wazi, inaganda mpaka foleni inanizomea. Hii nikiichomeka popote itafanya kazi, si ndiyo?"

Itafanya kazi, na hapo ndipo RAM inapowadanganya watu. Ukiipachika pasipofaa haikugombezi. Kompyuta inawaka, inasoma GB 16, unamlipa fundi na kumshukuru, kumbe nusu ya mzigo inapita kwenye njia moja wakati njia mbili zipo. Nitamrudia mama huyu mbele, kwa sababu mashine yake ilinipa mfano mzuri kuliko wowote ningeweza kuutunga.

Swali lake naletewa kila wiki kwa sura tofauti. Mwenye kompyuta ya mezani ana njia nne za kwenda: kuweka RAM moja kubwa, kuweka mbili zinazolingana, kuchanganya za ukubwa tofauti alizonazo, au kujaza sloti (nafasi za kupachikia RAM) zote nne. Kila njia ina mwenyewe. Tuanze na vipimo, kisha tupitishe kila moja humo humo.

Vipimo vitano

Cha kwanza ni kiasi, na hiki kinatangulia vyote. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kuhamishia kazi kwenye diski, na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, ndipo unapoona kile kiduara kinageuka na taa ya mbele inawaka bila kuzima. GB 16 zilizopangwa hovyo zinaishinda GB 4 iliyopangwa kitaalamu, siku yoyote. Kwa hiyo kabla hujafungua kava, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ukiwa katikati ya kazi zako za kawaida, nenda kwenye sehemu ya Memory, uangalie asilimia iliyotumika. Ikiwa inacheza kwenye 50 au 60, huna njaa ya RAM na tatizo lako liko kwingine. Ikiwa imegota 90, endelea kusoma.

Hapo hapo angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Ikiwa hivyo, haitavuka GB 4 hata ukiijazia RAM mpaka kava lisifungike. Piga Windows ya biti 64 kwanza.

Cha pili ni upana wa njia, ambacho ndicho kiini cha makala hii. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inazungumza na RAM kupitia njia zinazoitwa chaneli. Kompyuta za mezani za kawaida, za ofisini na za nyumbani, zina chaneli mbili, kila moja ikiwa na upana wa biti 64. Mtu wa Tabora simhangaishi kwa maelezo marefu hapa. Reli ya zamani inayotoka Dar kupitia kwetu hadi Kigoma ni njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi hupishana stesheni, moja inakaa pembeni inasubiri. Sasa fikiria zipo reli mbili, lakini treni zote umezipanga kwenye moja, na ile ya pili imeota majani. Hiyo ndiyo kompyuta yenye RAM kwenye chaneli moja.

Hesabu yake ni nyepesi. DDR3 ya mwendo wa 1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde katika chaneli moja. Zikifanya kazi mbili, 25.6. DDR4, kizazi kilichofuata, ya 2400 ni 19.2 kwa moja na 38.4 kwa mbili. Umeona kitu? DDR3 mbili zilizopangwa vizuri zina njia pana kuliko DDR4 moja ya 2400 iliyokaa peke yake. Wapo wanaohama kutoka mashine ya zamani kwenda mpya halafu wanalalamika kwamba haina tofauti, na mara nyingine sababu ni hii.

Ila tusipeane matumaini ya uongo. Reli ya pili haimfikishi abiria Kigoma mapema; inafikisha abiria wengi zaidi kwa siku. Chaneli mbili zinaongeza upana, haziharakishi safari ya herufi moja moja. Anayechapa barua kwenye Word hataona kitu. Anayeona ni yule ambaye prosesa yake inabeba pia kazi ya picha. Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki ya pembeni huazima RAM hiyo hiyo kwa ajili ya kioo, gemu na video, na hapo njia moja inabana kweli kweli. Kwenye gemu tofauti inaonekana kwa macho, huhitaji kipimo.

Cha tatu, nafasi ya kesho: ukitaka kuongeza mwakani, utaongeza au utaanza kutoa? Cha nne, upatikanaji na gharama, maana kinachopatikana kwa urahisi Kariakoo si lazima kipatikane kwetu. Cha tano ni usumbufu: uwezekano wa mashine kugoma kuwaka, kupiga milio, au kuzimika zimika bila sababu.

RAM moja kubwa

Kwa kiasi, haina tatizo. GB 8 ni GB 8 iwe kwenye kipande kimoja au viwili.

Kwa upana wa njia, hapa ndipo inapolipia. Chaneli moja inafanya kazi, nyingine imelala, na hakuna mpangilio wa baiosi (ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) wa kuliondoa hilo. Wenye mashine mpya za DDR5 wataniambia kwamba RAM zao zimegawanywa njia mbili ndani ya kipande kimoja. Ni kweli, lakini kila njia hiyo ndogo ina biti 32. Ukijumlisha unarudi kwenye 64 zile zile. RAM moja ya DDR5 bado ni nusu ya barabara.

Ukilazimika kuchukua moja, angalia lebo. Utakuta maandishi kama 1Rx8, 2Rx8 au 1Rx16. Ile 2Rx8 ina safu mbili za chipu, na prosesa inaweza kushughulika na safu moja wakati nyingine inajiandaa, hivyo inapunguza kidogo makali ya kukaa peke yake. Ile 1Rx16 ya DDR4 iepuke kama una uchaguzi. Utaijua hata bila lebo: ina chipu nne tu, ubao umebaki mtupu kama uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada. Chipu hizo zina makundi machache ya kuhifadhia data ndani yake, na uchache huo unaonekana kwenye kasi.

Kwa nafasi ya kesho, hakuna inayoishinda. Leo moja, mwisho wa msimu ukiuza tumbaku au asali unaongeza pacha wake. Ushauri wangu ni usikae sana. Ile ile ya kampuni ile ile, namba ile ile, baada ya mwaka unaweza kuitafuta usiipate.

Gharama inategemea kizazi. Kwa DDR4, kipande kimoja cha GB 8 huwa hakipishani sana na viwili vya GB 4, na mara nyingi ni nafuu. Kwa DDR3 mambo yamegeuka: GB 4 zimejaa kwenye droo za mafundi kwa sababu kila mashine ya mtumba inayofunguliwa inatoa mbili, wakati GB 8 unaagiza.

Usumbufu ni mdogo kuliko njia zote. Kipande kimoja, sloti moja. Kikisumbua unajua mwenye kosa ni nani. Inamfaa mwalimu anayeandaa mitihani, ofisi ya kata, na yeyote anayenunua kwa awamu.

Mbili zinazolingana

Hii ndiyo njia inayotajwa zaidi, na kwa haki. Kiasi kile kile, njia mbili wazi, na gharama ya DDR3 haipandi hata kidogo. Kwa mtu anayecheza gemu au kuhariri video za harusi bila kadi ya grafiki, hasa mwenye prosesa za AMD zenye grafiki ndani kama Ryzen 5 3400G au 5600G, sioni kwa nini aanze kwingine.

Lakini hapa ndipo makosa mengi yanafanyika pia, kwa sababu ya sloti.

Madabodi, yaani bao kuu za kompyuta, zenye sloti mbili tu hazina mtihani: kila sloti ni chaneli yake, pachika zote ulale. Kazi ipo kwenye zenye nne. Kwa madabodi nyingi zinazouzwa peke yake madukani, hesabu kuanzia upande wa prosesa: A1, A2, B1, B2. RAM mbili zinakaa kwenye ya pili na ya nne, yaani A2 na B2. Mbona si ya kwanza na ya tatu, wakati nazo ni chaneli tofauti? Kwa sababu nyaya za chaneli kwenye madabodi hizo zinapita sloti ya karibu kwanza kisha zinaishia kwenye ya mbali. Ukiacha ya mbali tupu, kipande cha waya kinabaki kinaning'inia, na mawimbi yakifika hapo yanarudi kama mwangwi na kuvuruga yanayokuja. DDR3 ya mwendo wa kawaida itavumilia. DDR4 ya 3200 na kuendelea, na DDR5 zaidi, zinaweza kukataa kuwaka au kushuka mwendo.

Kosa baya kuliko hilo ni kupachika mbili zikiwa zimekaa jirani, ya kwanza na ya pili, kwa sababu zinapendeza zikiwa pamoja. Kwenye mpangilio huo zote mbili ziko chaneli A. Umelipia pacha ukapata RAM moja kubwa.

Rangi za sloti zinasaidia, ila si sheria. Siku hizi rangi moja kwa kawaida ina maana "zijaze hizi pamoja", lakini zipo madabodi za zamani ambazo rangi moja ilimaanisha chaneli moja, kinyume chake kabisa. Mashine za ofisi zina kawaida zao: kwenye Dell OptiPlex nyingi za DDR3 zenye sloti nne, sloti zenye vishikio vyeupe ndizo zinazojazwa kwanza, vyeusi baadaye. Mashine nyingi za HP zina mchoro umebandikwa ndani ya kava. Fungua, futa vumbi, usome mchoro, maana waliotengeneza mashine waliuweka hapo kwa ajili yako.

Nafasi ya kesho ni ya kati. Kwenye sloti nne unaongeza pacha wengine. Kwenye sloti mbili umefunga mlango. Ukitaka zaidi unatoa zote. Usumbufu ni mdogo ikiwa zimetoka pakiti moja au mashine moja. Anayenunua leo kwa mara ya kwanza na hela anayo, hii inamfaa, isipokuwa ana sloti mbili na anajua GB 8 hazitamtosha muda mrefu.

Mchanganyiko wa ulizonazo

Njia hii inadharauliwa na watu wa mijini wenye maduka karibu. Sisi tunaiheshimu, kwa sababu ndiyo hali halisi: una mbili, umepewa moja, mjomba ana nyingine kwenye kabati.

Ukichanganya, jambo la kwanza ni kwamba zote zitatembea kwa mwendo wa iliyo taratibu. DDR3 ya 1600 ikiwekwa na ya 1333, zote ni 1333. Kama msafara wa ng'ombe, mwendo ni wa ndama. DDR3 na DDR4 hazichanganyiki kabisa. Mkato wa chini umekaa mahali tofauti, moja ina pini 240 nyingine 288, na anayelazimisha anavunja sloti. DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya 1.35 zinaweza kukaa pamoja kwa volti 1.5, ila usizipeleke kwenye mashine ya Intel kizazi cha 6 inayotaka DDR3L pekee.

Jambo la pili ndilo ambalo wengi hawalijui. Kwenye mashine za Intel, kinachotafutwa ni ulinganifu wa jumla ya kila chaneli, si wa kipande kwa kipande. Chaneli zikitofautiana, mashine haikatai: inalinganisha sehemu inayolingana na kuipitisha njia mbili, kisha ziada inapita njia moja.

Sasa turudi kwa mama wa Isevya. Mashine yake ni OptiPlex ya mtumba, sloti nne, na zile GB 4 mbili zilikuwa kwenye vishikio vyeupe, moja kila chaneli. Kama ningeichomeka GB 8 kwenye sloti iliyofuata ikiwa tupu, chaneli A ingekuwa na 4 na 8, jumla 12, na chaneli B ingebaki na 4. Nne kwa nne zinalingana: GB 8 zinapita njia mbili. GB 8 zilizobaki, nusu nzima, zinapita njia moja. Windows haijui ipi ni ipi, kwa hiyo leo Chrome inaangukia upande mpana, kesho upande mwembamba.

Nilichofanya ni kutoa moja ya zile GB 4 na kuihamisha. GB 8 ikakaa peke yake chaneli A. GB 4 zote mbili zikaenda chaneli B. Nane kwa nane. GB 16 nzima ikafunguka njia mbili, kwa RAM zile zile, bila kuongeza hata senti.

Alikuwa amesimama juu yangu muda wote. "Umeongeza nini hapo?"

"Sijaongeza, mama. Nimehamisha tu."

"Basi na bei iwe ya kuhamisha."

Tukaelewana.

Nikamilishe vipimo. Kiasi: unatumia kila ulichonacho, hakuna kinacholala kabatini. Njia: inaweza kuwa nzima kama hapo juu, au nusu kama ukiwa na 8 na 4 peke yake, ambapo GB 8 za kwanza zinapita njia mbili na 4 za mwisho moja. Hata hiyo ya pili si mbaya. Kwa mtu aliyekuwa na GB 4 tu, kufika 12 ni ukombozi. Nafasi ya kesho ni ndogo, maana ukiongeza unaanza hesabu upya. Gharama ni ya chini kuliko zote. Usumbufu ndio bei yake halisi: RAM za kampuni tofauti mara nyingine hazielewani, mashine inawaka leo na kupiga milio kesho. Ikitokea hivyo, toa zote, weka moja moja, usafishe meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli polepole, kisha urudishe kwa mpangilio ulioandika kwenye karatasi. Vumbi letu la Septemba, kabla mvua haijaanza, limeua RAM chache kuliko linavyosingiziwa. Nyingi huwa zimepoteza mguso tu.

Sloti zote nne

Kiasi ni kikubwa kuliko kote. Mashine za Intel kizazi cha 3 na cha 4 zenye sloti nne zinafika GB 32, yaani nne za GB 8.

Njia ni pana sawa na pacha wawili. Hapa watu wanakosea hesabu: sloti nne si chaneli nne. Chaneli ni mbili zile zile, kila moja sasa imebeba vipande viwili. Kuna faida ndogo ya safu nyingi za chipu, si mara mbili ya kasi.

Kwa DDR3 na DDR4 za mwendo wa kawaida, nne hazina shida, hasa zikiwa za aina moja. Kwa DDR5 ni habari nyingine. Mzigo wa vipande vinne unailemea sehemu ya prosesa inayosimamia RAM, na watengenezaji wenyewe wameshusha ahadi: Ryzen za mfululizo wa 7000 zinahesabiwa 5200 kwa vipande viwili, lakini 3600 kwa vinne. Intel kizazi cha 12 nacho kinashuka kutoka 4800. Mwenye DDR5 anayetaka GB 64 achukue mbili za 32, aache sloti mbili tupu, asione uchungu.

Nafasi ya kesho haipo, umemaliza. Gharama ya DDR3 ni rafiki, kwa kuwa nne za GB 4 hukusanywa kutoka droo mbili tatu za mafundi. Usumbufu ni wa kati: vipande vinne ni sehemu nne za kupoteza mguso. Inamfaa mwenye mashine ya zamani anayehariri video, anayeendesha mfumo wa hesabu wa duka pamoja na kila kitu kingine, au anayefundisha kwa kompyuta ndani ya kompyuta, yaani mfumo mmoja ukiendeshwa ndani ya mwingine.

Kabla ya kutuma hela

Mwaka mmoja niliagiza RAM nne za GB 8 kutoka duka moja Dar, kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Zilifika, zikaingia kwenye sloti bila kugoma, vishikio vikalia "tak". Mashine ikawa nyeusi. Nilitoa, nikafuta, nikarudisha, nikabadili mashine, jasho likanitoka mpaka saa kumi na moja jioni. Kumbe lebo ilikuwa imesema tangu mwanzo: PC3-12800R. Hiyo R ni RAM ya seva, na kompyuta ya mezani haiitaki. Duka halikunirudishia, nami sikusoma.

Inayofaa kompyuta ya mezani ina U mwishoni, kama PC3-12800U. Yenye S ni fupi, ya laptopu na ya zile kompyuta ndogo za mezani zinazokaa nyuma ya kioo. Namba 12800 ni DDR3 ya 1600, 10600 ni ya 1333. Ukiona mtu anauza DDR3 kwa bei ya ajabu na imeandikwa ni ya AMD pekee, na mashine yako ni Intel, mwachie. Omba picha ya lebo kwenye WhatsApp kabla ya kutuma pesa, picha ya karibu, isiyotikisika.

Kufunga na kuhakikisha

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kava kabla ya kugusa RAM. Linganisha mkato, kandamiza pande zote mbili mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. RAM iliyoingia upande mmoja ni chanzo cha nusu ya simu ninazopigiwa Jumamosi.

Lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc litakuonyesha mwendo na sloti ngapi zimetumika, lakini halitakwambia kuhusu chaneli. Programu ya bure ya CPU-Z inaonyesha, kwenye ukurasa wake wa Memory: ukikuta Dual au 2 x 64-bit, njia mbili ziko wazi. Tahadhari ni moja. Kwenye mchanganyiko usiolingana inaweza kusema Dual ingawa sehemu ya RAM inapita njia moja, hivyo hesabu ya chaneli kwa chaneli ifanye mwenyewe kichwani. Kwenye Dell unaingia baiosi kwa F2, kwenye HP za ofisini kwa F10, na Dell inakuorodheshea kila sloti ina GB ngapi.

Kama RAM ni za mtumba, acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha. Umeme ukikatika saa nane, unaanza upya. Pole.

Kwa hali yako

Una GB 4 na hela kidogo, unachapa na kutumia Chrome: ongeza chochote kinachosoma, hata kisilingane. Kiasi kwanza, njia baadaye.

Unanunua kompyuta ya mtumba leo na muuzaji anakuuliza GB 8 moja au 4 mbili? Tazama sloti. Zikiwa nne, chukua 4 mbili kwenye chaneli tofauti. Zikiwa mbili na unapanga kufika 16, chukua 8 moja na uweke akiba ya pacha wake.

Unacheza gemu bila kadi ya grafiki: mbili zinazolingana, usikubali pungufu. Ukiwa na kadi ya grafiki yenye RAM yake, haraka inapungua, ingawa pacha bado ni bora.

Una vipande vitatu: jaribu kuvigawa ili jumla ya chaneli zilingane, kama vya mama wa Isevya. Vikikataa kulingana, viache hivyo hivyo, mradi mashine inawaka kila asubuhi.

Una RAM mbili tayari na hujui ziko wapi: fungua kava kabla ya kununua kitu. Zikiwa jirani kwenye chaneli moja, dakika kumi za kuhamisha zinakutosha.

Na kama una GB 8 ambazo hazijai, mashine bado ni nzito, na ndani kuna diski ya kuzunguka, hela ya RAM ipeleke kwenye SSD, ile diski isiyozunguka.